Nsyuka, Mzuka na Hofu Inayofundisha

Katika Uganda, Kiswahili kimebeba sifa mbaya kwa muda mrefu. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi walikisikia kwanza vinywani mwa askari. Hofu hiyo iliwafukuza watu kutoka kwenye lugha. Hata hivyo, wilayani Kasese kulikuwa na sura nyingine. Reli iliyofika mwaka 1956 na mgodi wa shaba wa Kilembe vilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na huko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, Kiswahili ni lugha ya kupatana bei na Wakongo.

Makala haya yanatazama hofu ya aina ya pili, ile inayowavuta watu kwenye lugha: filamu za kutisha za gharama ndogo.

Mfano mzuri unatoka Dar es Salaam. Kamera za video ziliposhuka bei, vikundi vya maigizo viliacha kungoja fedha za serikali au wafadhili. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka mwaka 2003, kisha Shumileta mwaka 2005. Jina Nsyuka limetoka Kinyakyusa, nalo humaanisha mfu aliyefufuka. Mwanafunzi wa isimu atalilinganisha na neno letu mzuka, kutokana na kitenzi zuka. Hivyo mtisho wenyewe ulichotwa katika simulizi za nyumbani, ingawa mbinu nyingi za kuuonyesha ziliigwa kutoka filamu za Nigeria.

Utangazaji nao ulikuwa wa bei nafuu. Mabango yalibandikwa ukutani, magazeti ya udaku yaliandika habari za waigizaji, na hadithi moja iliuzwa kwa sehemu mbili ili mnunuzi alipe mara mbili. Wasambazaji wa Kariakoo walifikisha kanda, na baadaye diski, mikoani.

Uganda nayo ina mfano wake, ingawa si wa filamu za kutisha. Huko Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005. Filamu yake ya mapigano, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iligharimu chini ya dola 200. Waigizaji wenyewe walitembeza diski mlango kwa mlango, na kionjo chake kikasambaa duniani kupitia intaneti.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni. Lakini amri pekee haijengi mapenzi, kama mwaka 1973 ulivyotuonyesha. Wakonzo wana masimulizi ya Kithasamba, anayekaa kwenye theluji ya Rwenzori. Darasa la Bwera lenye simu moja ya kamera linaweza kuandika mazungumzo, kuyaigiza na kuyarekodi kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyeandika mwenyewe kilio cha mzuka hatasahau upatanisho wa kisarufi wa sentensi ile.