Ombi Lenye Sharti

Mengo, kando ya barabara ya Kabaka Anjagala inayotoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi ikulu ya Lubiri, zimesimama sanamu za miziro, wanyama na vitu vinavyotambulisha koo za Buganda. Makabaka, yaani wafalme, wote wa ufalme huu wa Uganda huhesabiwa kuanzia kwa Kintu, na habari za Kintu ni habari za mtu aliyeomba akapewa.

Aliomba mke, Nnambi binti Ggulu. Ggulu, mwenye mbingu, akamtia kwenye mitihani: ale shehena ya chakula, apasue mwamba uwe kuni, amtambue ng'ombe wake kati ya makundi yanayofanana. Nyuki alimwonyesha ng'ombe. Mwishowe Ggulu akaridhia, ila akawaonya: ondokeni upesi, na mkisahau kitu msirudi. Wakasahau ulezi wa kulisha kuku. Wasimulizi wengine husema aliyerudi ni Nnambi, wengine Kintu. Vyovyote iwavyo, Walumbe, kaka yake Nnambi, aliwafuata duniani. Walumbe ndiye Kifo.

Motifu hii ya kuomba na kupewa inaweza kuitwa “matakwa yaliyotimizwa”. Istilahi hiyo inapungukiwa. Kwa Kiswahili dua hutakabaliwa, haja hukidhiwa, mtu hupata muradi wake, na habari huwa imekwisha kwa heri. Katika ngano, kupewa ndiko kunakoanzisha shida. Vladimir Propp, katika kitabu chake cha 1928 kuhusu umbo la ngano za Kirusi, aliliweka katazo sambamba na uvunjaji wake. Ndiyo maana “ombi lenye sharti” linafaa zaidi: linataja kilichotolewa pamoja na kamba iliyokifunga.

Masimulizi ya baadaye yanalithibitisha hilo. Katika Aladdin ya Antoine Galland, ya karne ya 18, jini hana hesabu ya maombi. Lakini filamu ya Disney ya 1992 iliweka maombi matatu, tena kwa miiko: jini haui, hamtii mtu mapenzi, hafufui wafu.

Jennifer Nansubuga Makumbi, mwandishi wa Uganda, amelirudisha jambo hili nyumbani katika riwaya yake ya 2020, The First Woman. Binti Kirabo anamwendea Nsuuta, kipofu anayesemwa kuwa mchawi, amsaidie kumpata mama asiyemjua. Hapa hakuna Ggulu wa kutamka sharti mapema. Kirabo anakuja kumwona mama yake, na mama hamtaki.