Mizani Katika Mkutano wa Kijiji

Katikati ya miaka ya 1980, kila baada ya miezi mitatu, akina mama wa vijiji vingi vya Mkoa wa Iringa walibeba watoto wao kwenda kupima. Mizani ya kuning'iniza ilifungwa mahali palipo imara, mtoto akavalishwa kaptula ya kupimia, akaning'inizwa hadi mshale ukatulia, kisha uzito wake ukawekewa alama kwenye kadi yenye rangi tatu. Kijani ilisema mtoto anakua vizuri. Kijivu ilisema uzito wake ni pungufu. Nyekundu ilisema yuko hatarini. Siku hiyo iliitwa Siku ya Afya ya Kijiji.

Kilichofuata baada ya kupima ndicho kilichoipa Iringa nafasi yake katika historia ya mawasiliano. Zile alama hazikuishia kwenye kabati la zahanati. Zilijumlishwa, zikapelekwa mbele ya kamati ya afya na serikali ya kijiji, na wanakijiji wakaulizana: wangapi wako kwenye nyekundu, kwa nini, na tufanye nini kabla hatujapima tena?

Swali hilo lilikuwa zito kwa sababu Nyanda za Juu Kusini ni ghala la taifa. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zilitajwa pamoja kama mikoa minne mikubwa ya mahindi. Hata hivyo, vipimo vya mwaka 1984 katika vijiji 168 vya Iringa vilionesha kwamba asilimia 55.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na uzito pungufu, na asilimia 6.3 walikuwa na upungufu mkali. Kihenge kimejaa, mtoto amekonda.

Wazazi wengi hawakuliona tatizo, wala hawakuwa wazembe. Pale ambapo watoto wengi wana uzito mdogo, wembamba huonekana ndiyo hali ya kawaida ya utoto. Ilihitajika njia ya kuionesha njaa iliyojificha, na hapo ndipo historia ndefu ya namna ya kumfundisha mwananchi ilipofikia njia panda.

Kabla ya hapo, elimu ilishuka kutoka juu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri mkoani Tanga, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika na kuzizungusha kwa lori. Mtaalamu alichagua somo, mwananchi akatazama.

Wanazuoni wa Marekani waliupa mtindo huo umbo la kinadharia. Mwaka 1948 Harold Lasswell aliyafupisha mawasiliano katika maswali matano: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Mwaka huohuo Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, alichora safari ya ujumbe kutoka chanzo hadi mpokeaji, huku kelele zikiuvuruga njiani. Shannon alikuwa akishughulikia mawimbi ya simu, na alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haikuwa sehemu ya hesabu zake. Lakini mchoro wake uliingia katika vitabu vya mawasiliano ya binadamu, na ukamfanya mpokeaji aonekane kama chombo kinachosubiri kujazwa.

Wilbur Schramm alijaribu kurekebisha picha hiyo mwaka 1954. Kwake yeye, kila mtu katika mazungumzo hutuma na hupokea kwa zamu, na watu huelewana pale tu uzoefu wao unapokutana.

Tanzania iliipita mapema hatua hiyo ya elimu inayoshuka kutoka juu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kwa wiki 12 walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya, kama kuchimba vyoo au kufyeka majani kuzunguka nyumba. Yalikuwa mazungumzo ya kweli, ingawa mada ilikuwa bado inapangwa Dar es Salaam.

Iringa ilikwenda mbele zaidi. Mpango wa lishe ulioanza huko mwaka 1983 uliendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilitoa utaalamu. Miongoni mwa wataalamu walioipa kazi hii msingi wa kifikra alikuwa Urban Jonsson kutoka Sweden, aliyefanya kazi Tanzania kabla ya kwenda kuongoza masuala ya lishe UNICEF jijini New York. Filamu kuhusu njaa iliyojificha ilioneshwa vijijini, na baada ya kuitazama watu walijadiliana. Kisha mizani ikachukua nafasi ya filamu, na habari zikawa za watoto wa kijiji chenyewe.

Utaratibu ulikuwa na hatua tatu zilizozunguka bila kukoma: kupima hali, kuchambua sababu, kuchukua hatua, kisha kupima tena ili kuona kama hatua ile ilifaa. Kipimo cha pili kilikuwa jibu la kitendo cha kwanza. Mrejesho, ambao vitabuni ni mshale mmoja mwishoni mwa mchoro, hapa ulikuwa na tarehe yake kwenye kalenda ya kijiji.

Uchambuzi huo ulifumbua mengi. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo; uji mzito wa mahindi humshibisha kabla hajapata nguvu ya kutosha, na ukiongezwa maji unabaki maji matupu. Anahitaji kulishwa mara nyingi kwa siku, lakini mama yuko shambani, kisimani na msituni akitafuta kuni. Malaria, surua na kuharisha vikipita, hata kile kidogo alichokula kinapotea. Mambo hayo yalipowekwa mezani, utapiamlo ulitoka jikoni kwa mama ukawa hoja ya kijiji kizima, wanaume wakiwemo. Vijiji vilianzisha vituo vya kulelea na kulisha watoto wakati wazazi wako kazini.

Kisha kuna kimea. Unga wa nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ukitiwa kidogo tu katika uji mzito huulainisha bila kuongeza maji, na mtoto hupata chakula kingi zaidi katika bakuli lilelile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe ilitafiti na kueneza matumizi hayo. Wanawake wa nyanda za juu walikuwa wakiotesha nafaka miaka yote kwa ajili ya pombe, kwa hiyo hapakuwa na neno la kutafsiri wala ufundi wa kufundisha upya. Ule uzoefu unaokutana, aliouandika Schramm, ulikuwa tayari ndani ya chungu.

Lugha nayo ilikuwa na uzito wake. Msafiri anayetoka Iringa mjini kwenda Mbeya huanza na "kamwene" ya Wahehe na Wabena, na akifika kwa Wanyakyusa husalimiwa "ugonile". Katikati yupo Msangu, Mkinga na Msafwa. Kadi iliandikwa kwa Kiswahili, mjadala ukaweza kwenda kwa lugha ya nyumbani, na rangi nyekundu ikasomeka hata kwa bibi ambaye hakupita darasani.

Kufikia mwaka 1988, uzito pungufu katika vijiji vile 168 ulikuwa umeshuka hadi takriban asilimia 38, na upungufu mkali hadi asilimia 1.8. Mwaka 1990 UNICEF ilijenga mkakati wake wa lishe wa dunia juu ya mzunguko uleule wa hatua tatu. Mchoro wa sababu za utapiamlo unaofundishwa vyuoni hadi leo umetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Iringa.

Ndiyo maana takwimu za sasa zinauma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa iliongoza kwa asilimia 56.9, ikifuatiwa na Njombe, iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, kwa asilimia 50.4. Udumavu hupimwa kwa urefu, hivyo takwimu hizi haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile za uzito. Zinatosha, hata hivyo, kusema kwamba mazungumzo yaliyoanza 1983 yamefifia mahali palepale yalipozaliwa.

Chombo bado kipo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayojulikana kama SALIKI, hufanyika kila robo mwaka, na watoto hupimwa. Wenyeviti wa vijiji wa Iringa, Njombe na Mbeya wayasome matokeo ya siku hiyo mbele ya mkutano mkuu, akina baba na akina mama wakiwepo, kabla ya ajenda nyingine yoyote.