Kompyuta ya mbao

Juzi nilimpelekea mama mmoja mwenye duka la jumla programu ya kuhesabu bidhaa, kazi yangu ya miezi mitatu. Akaitazama dakika mbili tu. "Sasa mwanangu, nikiwa nimeshika mzigo nitabonyeza na nini?"

Aibu hiyo imenikumbusha mabingwa walioanza kwa maigizo kabla ya kuunda chochote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Gould na wenzake wa IBM huko Marekani walitaka kujua kama taipureta inayosikiliza ingemfaa mtu anayeandika barua. Mashine yenyewe haikuwapo; kompyuta za wakati ule hazikuweza kutegemewa kutambua usemi. Basi wakaigiza. Mtu aliketi mbele ya skrini akisema barua yake, na mahali pengine, asipoonekana, mpiga chapa akasikiliza na kuandika. Maneno yakatokea kwenye skrini kana kwamba kompyuta ndiyo iliyosikia! Waliigiza hata kasoro: mara mashine yenye msamiati mdogo, mara ile inayotaka utamke neno mojamoja. Walichapisha matokeo 1983. Baadhi ya mashine hizo za uongo zilifaa angalau sawa na kuandika kwa mkono, hata kwa mtu aliyezitumia mara ya kwanza. Kwa hiyo ilijulikana mapema kwamba mashine yenye kasoro nayo ingekuwa na faida.

Jeff Hawkins, yeye, alijiigizia mwenyewe. Kompyuta yake ya GridPad ya 1989 ilikuwa kubwa mno, na Zoomer ya 1993 haikununuliwa sana. Safari hii akachukua kipande cha mbao cha kutosha mfuko wa shati, akakata kijiti cha kulia chakula cha Kichina kiwe kalamu, akawa anatembea navyo. Mtu akimwomba miadi, alitoa mbao na kuigonga kama anayetazama kalenda. (Mimi ningemkimbia.) Lakini hivyo ndivyo alivyogundua ni mambo gani machache anayoyahitaji kweli akiwa njiani. Pilot, yenye ukubwa wa mfukoni, ilitoka 1996 na ikauzika sana.

Sasa nimekata boksi la sabuni, nimechora skrini kwa kalamu ya wino. Kesho mama atabeba mzigo wake, nami nitakuwa kompyuta: akigusa, nabadilisha karatasi. Sijaandika hata mstari mmoja wa programu mpya.