Mshale Unaokwenda Sawa



Ukitoka Tabora mjini ukashika njia ya mashariki utafika Kigwa. Katika karne ya 19 jina hilo lilijulikana na kila mpagazi. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikiisha kukata Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ilipita Tura, ikapita Rubuga, ikaingia Kigwa, na hapo watu walijua kwamba Unyanyembe si mbali tena. Burton na Speke walipita njia hii mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Katika njia hiyo ulipita pia mzigo wa magobole na baruti, nao ndio unaonifanya leo nizungumzie mshale.

Shuleni tulifundishwa kwamba bunduki ilipoingia bara, upinde ulishindwa. Mimi siikubali sentensi hiyo kwa wepesi wake. Gobole la siku zile lilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni. Baruti ikilowa mvua, mwenye gobole amebaki na rungu. Na katika muda wa kulishindilia mara moja tu, mpiga upinde hodari ameshaachia mishale kadhaa. Hapana, msikilizaji, ukubwa wa gobole ulikuwa mahali pengine. Lilinunuliwa kwa pembe ya ndovu kwa mfanyabiashara, na kijana akalizoea kwa siku chache. Mshale unaokwenda sawa hauji kwa njia hiyo.

Sisi tulipokuwa watoto tulitengeneza mishale ya mabua ya mtama. Tukivuta, tukiachia, mshale unageuka ubavu hewani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tulilaumu upinde. Kosa lilikuwa katika mshale wenyewe: mbele hauna uzito, nyuma hauna manyoya. Kigumba cha chuma huvuta mbele, manyoya hushika upepo nyuma, na kati ya viwili hivyo mshale hulazimika kufuata pua yake.

Tena kuna wano, yaani ule mti wa mshale. Fundi hukata kijiti, akakimenya, akakiacha kikauke polepole. Kisha hukipasha moto na kukinyoosha pale kilipopinda. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hufanya kazi hiyo kwa mikono na meno, huku wakifumba jicho moja kukitazama urefu wake. Na jambo ambalo wengi hawalifahamu: ugwe unapoachiwa, wano hujipinda kidogo likizunguka ubao wa upinde, kisha hujinyoosha. Likiwa laini mno kwa upinde ule, huenda upande mmoja. Likiwa gumu mno, huenda upande wa pili. Ndiyo maana mishale ya baba haimfai mwana mwenye upinde mwepesi. Hata mshale wa samaki una kanuni yake: ni mzito, waweza kukosa manyoya kwa kuwa safari yake ni fupi, na mlengaji hulenga chini ya samaki anayemwona, maana maji huupinda mwanga na kumwonyesha samaki juu kuliko alipo.

Elimu hiyo yote haikubebwa katika mzigo wa mpagazi. Mirambo alijenga nguvu zake kwa rugaruga wenye bunduki hadi alipofariki mwaka 1884. Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani mwezi Januari 1893 alijilipua ndani ya ghala yake ya baruti. Na tayari mwaka 1890, huko Brussels, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika. Waliokuwa wametegemea duka walifungiwa duka. Mwenye kujua kunyoosha wano hakufungiwa kitu.

Ikapita miaka kama tisini. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakaja na bunduki. Mwaka 1982 au karibu na hapo, wanakijiji wa Kahama na Shinyanga waliunda Sungusungu, na jeshi hilo la jadi likaenea Unyamwezi. Kila mwanamume alitakiwa awe na upinde, mishale na filimbi. Sisemi kwamba yote waliyoyafanya yalikuwa ya haki. Wako vikongwe waliotuhumiwa uchawi na kuteswa, na hilo ni doa. Lakini fikiri siku ile amri ilipotoka: vijana wangapi walikuwa na upinde wa kuazima, na wazee wangapi waliobaki ambao wangeweza kuwatengenezea mshale usiogeuka njiani?

Msikilizaji wa Kigwa, au wa Igalula na Goweko, kama nyumbani kwako yuko mzee anayejua ni mti gani uliofaa kwa wano na ulikatwa majira gani, mwite mjukuu wake aje na daftari leo jioni.