Nyumbani Ilikuwa Fuenlabrada

Klipu yenyewe ni fupi sana. Tarehe 16 Aprili 1992, ukumbi wa Abdi İpekçi, Istanbul. Ni fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Ulaya, mashindano ambayo leo tunayaita EuroLeague. Joventut ya Badalona, Uhispania, wanaongoza 70–68 baada ya Tomás Jofresa kufunga. Hakuna anayesimamisha mchezo. Saša Đorđević wa Partizan Belgrade anapokea mpira, anatimua mbio nao kando ya uwanja, na kabla hata hajatulia anaruka na kurusha kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Mpira unaingia. 71–70, na saa imebakisha sekunde chache tu.

Watu wa basketi huishia hapo. Wanapiga makofi, wanaenda klipu inayofuata. Lakini ajabu ya msimu ule si ile tatu. Ajabu ni kwamba Partizan walifika Istanbul bila uwanja wa nyumbani.

Turudi nyuma kidogo. Vilabu vya Yugoslavia vilikuwa vimelizoea kombe hili. Cibona ya Zagreb walilibeba 1985 na 1986, wakiwa na Dražen Petrović. Klabu ya Split, pamoja na Toni Kukoč, ikalichukua mara tatu mfululizo kuanzia 1989 hadi 1991. Halafu nchi ikaanza kupasuka. Kufikia vuli ya 1991 Kroatia ilikuwa vitani, na hakuna klabu ya Ulaya iliyotaka kupeleka wachezaji huko. FIBA ikaamua kwamba timu za Yugoslavia zitaruhusiwa kushiriki, ila mechi zao za nyumbani zichezwe nje. Zote tatu zikaishia Uhispania: Split huko A Coruña, Cibona huko Puerto Real, na Partizan katika mji wa Fuenlabrada, kusini mwa Madrid.

Kutoka Belgrade hadi Madrid ni kama kilomita 2,000. Hebu fikiria kwenda umbali huo kila mara unapoambiwa leo unacheza nyumbani. Sisi tuliowatazama Harambee Stars "wakikaribisha" wageni Lilongwe mwaka 2024 tunajua angalau ladha yake, ingawa letu lilikuwa tatizo la viwanja, si la mizinga.

Fuenlabrada ni mji wa wafanyakazi, na wakati huo haukuwa na timu kwenye ligi kuu ya Uhispania. Kwa hivyo watu wa pale walipoletewa vijana wa Belgrade waliwachukua wakawa wao. Wakajaa ukumbini, wakashangilia majina ambayo pengine hata kuyatamka ilikuwa shida. Napenda sana sehemu hii ya hadithi, na ninaiogopa pia, maana ni rahisi mtu kuteleza na kusema ati michezo huunganisha watu. Partizan ilizaliwa 1945 kama klabu ya jeshi la Yugoslavia. Jeshi hilo hilo ndilo lililokuwa likipiga mabomu Vukovar msimu ulipoanza, na mji ule ukaanguka Novemba 1991. Wachezaji hawakuwa wanajeshi, sawa. Lakini mtu wa Vukovar akisikia jina Partizan hakulazimika kukumbuka basketi kwanza.

Na timu yenyewe ilikuwa changa vibaya. Vlade Divac alikuwa ameshaenda Lakers tangu 1989. Kocha, Željko Obradović, alikuwa bado mchezaji hadi kiangazi cha 1991, kisha akapewa timu hiyo hiyo aliyokuwa akiichezea. Alifikisha miaka 32 mwezi mmoja kabla ya fainali. Kando yake walimweka mzee Aleksandar Nikolić, aliyekuwa ameshinda kombe hili mara tatu na Varese ya Italia. Mbinu nzuri hiyo: kijana anaongoza, mzee ananong'ona.

Kwenye robo fainali dhidi ya Knorr Bologna waliruhusiwa kucheza mechi moja Belgrade. Moja tu, msimu mzima. Waliwang'oa Bologna, wakaenda Istanbul, wakawachapa Philips Milano 82–75 kwenye nusu fainali. Siku tisa kabla ya mechi hiyo Sarajevo ilikuwa imeanza kuzingirwa. Kwenye fainali Predrag Danilović alifunga pointi 25 na kutajwa mchezaji bora. Đorđević alifunga 23, zikiwemo zile tatu za mwisho.

Halafu? Tarehe 30 Mei, wiki sita tu baadaye, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio nambari 757. Vikwazo vya biashara, vya ndege, na vya michezo pia. Timu ya soka ya Yugoslavia ilikuwa imeshafika Uswidi kwa kombe la Ulaya. Ikarudishwa nyumbani, Denmark wakaitwa kujaza nafasi na wakaishia kutwaa kombe. Kwenye Olimpiki ya Barcelona ni Kroatia, pamoja na Petrović na Kukoč, waliocheza fainali ya basketi na Marekani ya kina Jordan. Mabingwa wa Ulaya walikuwa wamefungiwa nje. Partizan hawakupewa hata nafasi ya kwenda kupoteza taji lao uwanjani.

Timu ikatawanyika. Đorđević akaenda Milano na Danilović akaenda Bologna, zile zile klabu mbili walizozitoa wakielekea kwenye kombe. Italia ilikuwa na pesa, na bila shaka ilikuwa imeona vya kutosha.

Obradović alivumilia hadi 1993, kisha naye akaondoka. Kazi aliyoipata ilikuwa Badalona, kwa Joventut wale wale. Mwezi Aprili 1994, Tel Aviv, Joventut waliingia tena fainali, dhidi ya Olympiacos ya Ugiriki. Zikiwa zimebaki sekunde chini ya ishirini, Corny Thompson akapiga tatu. 59–57. Mashabiki wa Badalona wakapata kombe lao hatimaye, na aliyewaletea ni kocha aliyewaliza Istanbul.