Mavazi ya Ascot: Msiba Uliogeuka Pambo

Mavazi ya jukwaani yana kazi mbili ambazo hazipatani daima: kuonyesha zama zilizopita, na kupendeza macho ya watazamaji wa sasa. Mvutano huo waonekana wazi katika My Fair Lady, mchezo wa nyimbo uliofunguliwa New York tarehe 15 Machi 1956.

Lerner na Loewe waliujenga mchezo huo juu ya Pygmalion, tamthilia ya George Bernard Shaw iliyoonyeshwa London mwaka 1914. Eliza, msichana muuza maua, anafundishwa na Higgins, bingwa wa matamshi, aseme kama bibi wa tabaka la juu. Shaw alimtahini Eliza katika sebule ya mama yake Higgins; Lerner na Loewe walimpeleka kwenye mbio za farasi za Ascot, mwaka 1912.

Mbunifu wa mavazi alikuwa Cecil Beaton, mpigapicha Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904. Wakuu wa Ascot aliwavika nguo nyeusi, nyeupe na za kijivu. Asili ya weusi huo ilikuwa huzuni. Mfalme Edward VII alifariki tarehe 6 Mei 1910, na mwezi Juni wakuu walihudhuria mbio wakiwa katika nguo nyeusi za matanga. Ama mwaka 1912 matanga hayo yalikuwa yamekwisha zamani. Beaton aliuhamisha msiba kutoka mwaka wake, akaugeuza pambo.

Kwa mizani ya tarehe, hilo ni kosa. Kwa mizani ya sanaa, lina maana. Umati wasimama kimya, nguo za namna moja, nyuso zisizocheka, kana kwamba furaha yenyewe imekufa. Katikati yao Eliza, mwenye vazi zuri kama lao, asahau mafunzo na kumpigia farasi kelele za mitaani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri: vazi lilimficha, ulimi ukamfichua.

Beaton alipata tuzo ya Tony mwaka 1957, na mchezo ulionyeshwa New York mara 2,717 hata mwaka 1962. Sifa hiyo ndiyo yenye hatari. Picha nzuri ikirudiwa sana huchukua nafasi ya kumbukumbu, na mtazamaji hudhani ameiona Uingereza ya 1912. Hana budi mwanafunzi wa historia kukumbuka kwamba vazi la jukwaani ni shahidi mwaminifu wa jinsi watu walivyozikumbuka zama fulani; si shahidi wa zama zenyewe.