Minyoo Wanane wa Nyabera

Mtoto wa Bokoli hahitaji kitabu kumwambia panya huyu ni wa aina gani. Wa nyumbani utamjua kwa mbio zake darini usiku. Wa shambani utamjua kwa kinjia alichopitisha kwenye nyasi na kwa mahindi aliyoguguna. Fuko anajulikana kwa rundo la udongo mpya. Ndezi, yule mkubwa wa kwenye miwa na matete, anajulikana kwa harufu yake sufuriani, na hapo hakuna anayebishana.

Sasa chukua mmoja wa hao, mpasue, ukute ndani ya mishipa ya damu karibu na utumbo mnyoo mweupe, mwembamba kama uzi. Huyu naye ni nani? Hapo sote tunanyamaza. Maprofesa nao walinyamaza miaka mingi, na walipopata jibu moja walilipata hapa karibu. Mto Kuywa wa kwetu huingia Nzoia, Nzoia ikashuka hadi Budalang'i na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Kando ya ziwa hilohilo, ndani ya jiji la Kisumu, kuna kinamasi kinaitwa Nyabera. Tutafika huko, lakini hadithi inaanzia Misri.

Mwaka 1851, katika hospitali ya Kasr el-Aini jijini Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz alikuwa akipasua maiti alipoona minyoo ndani ya mishipa ya damu. Ni minyoo wa ajabu kidogo: dume hukunja mwili wake kama mfereji, na jike huishi humo ndani wamekumbatiana. Ugonjwa wao ndio kichocho, ambao wengi wetu tunauita bilharzia mpaka leo kwa jina la huyo daktari.

Shida ilikuwa mayai. Mengine yalikuwa na mwiba nchani, mengine mwiba ubavuni. Ni mnyoo mmoja au wawili? Mwaka 1907 Louis Sambon alisema ni wawili, na yule wa mwiba wa ubavuni akampa jina la rafiki yake Patrick Manson: Schistosoma mansoni. Arthur Looss, aliyekuwa bingwa wa minyoo kule Cairo, akakataa katakata. Wakatukanana kisomi kwa miaka.

Waliomaliza ubishi huo ni panya na konokono. Mwaka 1915 Robert Leiper alienda Misri, akachukua lava wanaotoka kwa konokono wa majini na kuwaambukiza wanyama wa maabara, panya wakiwemo. Konokono wa aina moja akaleta mayai ya mwiba wa nchani, wa aina nyingine mwiba wa ubavuni. Basi. Ni minyoo wawili.

Lakini huyo panya alikuwa chombo tu, kama chupa au hadubini. Mwaka 1931 Mfaransa Émile Brumpt alieleza mnyoo mwingine, jamaa wa karibu wa mansoni, kutoka Kongo. Huyu ni mnyoo wa panya hasa. Akamwita Schistosoma rodhaini, kwa heshima ya Jérôme Rodhain, daktari Mbelgiji wa huko. Ukiangalia orodha hii ya majina, Bilharz, Manson, Rodhain, utadhani minyoo wa Afrika walizaliwa Ulaya.

Kwani jina linasaidia nini? Linasaidia sana, bana. Kama mnyoo anayemshika mtu anaweza kuishi ndani ya panya pia, basi hata ukitibu kijiji kizima, panya watarudisha mayai majini, konokono wataambukizwa, na watoto wakienda kuogelea wataupata upya. Si kitisho cha vitabuni tu. Katika kisiwa cha Guadeloupe kule Karibea, panya weusi wa kawaida wamethibitishwa kuhifadhi S. mansoni, mnyoo uleule wa binadamu.

Na sisi huku tumeweka matumaini yetu kwenye vidonge. Jirani zetu wa Busia wanaukumbuka mradi ulioanza 1998 katika shule 75, ambao ulimpa jina mchumi Michael Kremer, mmoja wa washindi wa Nobeli mwaka 2019. Albendazole ilikuwa ya minyoo ya tumbo. Praziquantel ilikuwa ya kichocho, kwa shule zilizohitaji. Hakuna aliyempa panya kidonge.

Ndiyo maana kikundi cha watafiti kutoka KEMRI na Chuo Kikuu cha New Mexico, wakiwemo Ben Hanelt na Gerald Mkoji, waliingia Nyabera kunasa panya. Hii si kazi ya kupigia picha za Instagram. Unamfungua panya, unatafuta minyoo ndani ya mishipa, unawahesabu. Nyabera iliwapa madume sita na majike wawili, kutoka kwa panya wa aina tatu. Minyoo wanane tu!

Mayai yao yalikuwa madogo, urefu wa mikromita 135 hivi; panga saba au nane kwenye mstari ndiyo ufike milimita moja. Kwa umbo yalifanana na ya Schistosoma intercalatum, mnyoo anayewashika watu huko Kongo, ambaye Fisher alimweleza mwaka 1934 kutoka upande wa Kisangani. Kwa jicho tu ungesema ni huyohuyo, ukafunga daftari. Wao wakasoma herufi za DNA kama 3,000. Katika jeni moja iliyotumika kupima undugu, tofauti ilikuwa asilimia 6.3, sawa na umbali uliopo kati ya jamaa wengine wa ukoo huo. Ni ndugu, lakini si yeye. Huenda mabonde mawili, maji ya Kongo yakienda magharibi na ya Victoria yakienda Nile, ndiyo yaliyowatenganisha. Mwaka 2009 wakatangaza jina: Schistosoma kisumuensis. Hakuna daktari wa Ulaya humo. Ni mji, tena mji wetu.

Nikiri kwamba jina hilo lilinifurahisha zaidi ya inavyostahili, maana si sifa kubwa kwa jiji kupewa mnyoo wa panya.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Michelle Steinauer na wenzake walikuwa wameonyesha jambo linalokosesha usingizi zaidi. Magharibi mwa Kenya, mansoni wa watu na rodhaini wa panya wanazaana na kupata machotara. Kwa kawaida wana saa tofauti. Lava wa mansoni hutoka kwa konokono mchana, watu wakiwa majini wanafua na kuoga. Wa rodhaini hutoka gizani, panya wanapoanza matembezi yao. Lakini wanatumia konokono wa jamii moja, katika maji yaleyale, na saa hizo hazikutosha kuwatenga.